Kunuka, Kunukia na Usalama: Kuielezea Tiofenoli kwa Kiswahili kwa Mifano ya Delta ya Rufiji na Kibiti

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuielezea kwa Kiswahili kemikali moja ya maabara iitwayo tiofenoli: ilivyo, itumikavyo na namna ya kuishika bila madhara. Aidha, makala yanakusudia kuonyesha kwamba katika kazi ya namna hii uteuzi wa neno ni sehemu ya usalama wenyewe. Istilahi za sayansi zimejadiliwa sana na wanaisimu wa Kiswahili kwa upande wa uundaji wake, yaani utohoaji, tafsiri na uambatishaji, na mjadala huo ulizaa matunda yanayoshikika, mojawapo likiwa ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Suala lililopewa nafasi ndogo zaidi ni lile analotenda msomaji baada ya kulisoma neno. Istilahi ikikosewa katika kitabu cha kiada, mwanafunzi hupoteza alama. Ikikosewa katika lebo ya chupa, mtu anaweza kupoteza macho au uhai.

Delta ya Rufiji na Kibiti haikuchaguliwa kwa sababu tiofenoli hutumika huko. Tiofenoli ni kemikali ya maabara za utafiti na ya viwanda. Haina kazi katika maabara ya shule ya sekondari, na mwalimu yeyote akiikuta katika kabati la shule yake anapaswa kuuliza imefikaje pale. Delta imechaguliwa kwa sababu mkazi wake anazijua kwa pua na kwa mikono malighafi mbili za maelezo haya, yaani fenoli na salfa, na kwa sababu Kiswahili anachokisema kina msamiati wa harufu ambao waunda istilahi hawajautumia ipasavyo.

2.0 Fenoli katika gome, salfa katika tope

Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, wenye takriban hekta 50,000, ndio mkubwa kuliko yote iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Miti yake ina majina yaliyokomaa: mkoko, mkandaa, mchu, muia, mkomafi. Gome la mkoko na mkandaa lina tanini nyingi, na wakati wa utawala wa Wajerumani magome ya delta yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kulainishia ngozi. Tanini ni watu wa ukoo wa fenoli. Fenoli, kwa maelezo mafupi, ni pete ya atomi sita za kaboni iliyofungwa kundi la oksijeni na haidrojeni, yaani OH. Rangi nyekundu inayobaki mikononi mwa mtu aliyebandua gome la mkandaa ni alama ya jamii hiyo.

Chini ya mti kuna tope, na katika tope kuna salfa. Maji ya bahari huwa na salfeti kwa wingi, takriban gramu 2.7 katika kila lita. Yanapoingia katika tope lisilopata hewa, bakteria huitumia salfeti hiyo mahali pa oksijeni, na mabaki ya kazi yao ni salfidi ya haidrojeni. Gesi hiyo ndiyo inayotoa harufu ya yai viza maji yanapokupwa. Sehemu nyingine ya salfa hushikana na chuma na kulifanya tope kuwa jeusi. Pamoja na salfidi hiyo huzalika pia kiasi kidogo cha tioli nyepesi, hususan metanitioli. Tioli ni kaboni iliyofungwa kundi la salfa na haidrojeni, SH, pale ambapo katika alkoholi na fenoli lingekuwapo kundi la OH.

Mwalimu wa kemia wa Kibiti, kwa hiyo, anaweza kuanza na mti mmoja. Pete ya fenoli imo katika gome. Salfa imo katika tope penye mizizi. Akimtaka mwanafunzi wake aitoe kichwani oksijeni ya fenoli na kuweka salfa mahali pake, mwanafunzi huyo ameunda tiofenoli, ingawa mkoko wenyewe haufanyi hivyo. Kiambishi tio-, chenye asili ya Kigiriki, kinataja ubadilishaji huo tu: salfa mahali pa oksijeni. Hapa irabu moja ina uzito. Tiofenoli si tiofeni. Hiyo ya pili ni kemikali nyingine, ambayo salfa yake imo ndani ya pete yenyewe. Mpiga chapa akidondosha silabi, amebadilisha chupa.

Ni vema pia kuondoa dhana moja ambayo wanafunzi huipenda. Neno kibiriti limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya salfa, na ki- yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu iliyochukuliwa na wasemaji kuwa ni kiambishi cha ngeli, ndiyo maana tunasema vibiriti, kama tusemavyo vitabu. Mtu akiona kwamba jina Kibiti linakaribiana na kibiriti, na kwamba delta inanuka salfa, atashawishika kutunga etimolojia. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na sifa ya tope isitumiwe kuziba pengo la kanuni za sauti.

3.0 Tiofenoli ilivyo

Fomyula ya tiofenoli ni C6H5SH, na uzito wa moli moja ni gramu 110.18. Ni kiowevu kisicho na rangi, kizito kidogo kuliko maji, chenye densiti ya takriban 1.07. Huganda katika nyuzi -15 za Selsiasi na kuchemka katika nyuzi 169. Kiwango hicho cha kuchemka kinafundisha jambo. Fenoli, ambayo molekuli yake ni nyepesi zaidi, huchemka katika nyuzi 182. Sababu ni kwamba haidrojeni iliyofungwa kwenye oksijeni hushikana na molekuli jirani kwa nguvu, ilhali ile iliyofungwa kwenye salfa hushikana nayo kwa ulegevu. Kwa sababu hiyohiyo tiofenoli huyeyuka kidogo sana katika maji, lakini huyeyuka vizuri katika ethanoli na etha.

Ulegevu huo haumaanishi upole. Tiofenoli ni asidi yenye nguvu zaidi ya mara elfu moja kuliko fenoli: pKa yake ni takriban 6.6, ya fenoli ni 10. Ikiachwa hewani huungana mbilimbili kwa salfa zake na kuwa disalfidi ya difenili, ambayo ni yabisi. Tena, salfa yake hupenda metali. Tabia hiyo ya kupenda metali ndiyo iliyompa mwanakemia wa Denmark, William Christopher Zeise, jina la merkaptani katika miaka ya 1830. Jina hilo, kwa Kilatini, lina maana ya kitu kikamatacho zebaki. Lebo za zamani na za kibiashara bado huandika merkaptani ya fenili, na msomaji ajue kwamba ni chupa ileile.

Harufu yake ni kali na mbaya, karibu na ya kitunguu saumu kilichooza, na pua huihisi ikiwa ni sehemu chache tu katika bilioni za hewa. Kiwango ambacho hewa ya kazini haitakiwi kukivuka, kwa mujibu wa miongozo inayofuatwa Marekani, ni sehemu 0.1 katika milioni, yaani sehemu 100 katika bilioni. Kwa hiyo pua ya kawaida hupata habari kabla ya mwili kudhurika. Ni bahati, lakini ni bahati ya muda, kwani pua huchoka. Salfidi ya haidrojeni, jamaa yake wa topeni, ikifikia takriban sehemu 100 katika milioni huipumbaza kabisa hisi ya kunusa, na mtu hudhani gesi imekwisha kumbe imezidi.

4.0 Tatizo la neno 'aromatiki'

Katika vitabu vya kemia tiofenoli hutajwa kuwa ni tioli ya aromatiki. Mfasiri aliyezoea kutafuta maana katika mzizi wa neno atasema: aromatiki ni -enye kunukia. Hapo kosa huwa limekwisha kutendeka.

Neno hilo liliingia katika kemia ya Ulaya katika karne ya 19 kwa sababu baadhi ya vitu vya jamii hiyo vilipatikana katika sandarusi na mafuta yenye harufu nzuri. Baada ya August Kekulé kupendekeza pete ya benzeni mwaka 1865, neno lilibaki, maana ikahama. Leo aromatiki inataja namna elektroni zinavyozunguka pete kwa pamoja na kuiimarisha. Haitaji harufu. Kiingereza kinaweza kuuvumilia mgongano huo kwa kuwa mzungumzaji wake wa kawaida hauoni mzizi waziwazi. Kiswahili hakiwezi, kwa sababu sarufi yake imeigawa harufu katikati.

Tutazame jozi nuka na nukia. Kwa umbo, nukia ni nuka iliyotiwa kiambishi cha kutendea -i-. Kwa kawaida kiambishi hicho huongeza yambwa, mahali au sababu: pika, pikia, lima, limia. Katika jozi hii hakikuongeza kitu cha namna hiyo. Kimegeuza tathmini. Kinachonuka kinachukiza, kinachonukia kinapendeza. Ua halinuki, na samaki aliyeoza hanukii. Nomino nazo zimejipanga upande huu na huu: manukato, udi na marashi kwa upande mmoja, uvundo, mnuko na shombo kwa upande wa pili. Ni harufu pekee, neno la mkopo, linalokaa katikati, nalo kwa kawaida huhitaji kivumishi.

Matokeo yake ni kwamba 'tioli inayonukia' ni lebo inayomwalika mtu aisogeze chupa puani. Hatudai kwamba wanafunzi wote wangefanya hivyo. Tunadai kwamba lebo haina haki ya kumwachia msomaji kazi ya kuipinga. Katika suala hili utohoaji, ambao baadhi yetu tumeushambulia mno kuwa ni uvivu, unashinda: aromatiki iachwe aromatiki. Ugeni wake ni ulinzi. Asiyelijua atauliza, ilhali anayedhani analijua hatauliza.

Kuna nuru nyingine katika msamiati wa hisi. Kiswahili husema kusikia harufu, kwa kitenzi kilekile cha kusikia sauti, na husema kunusa kwa tendo la makusudi la kuvuta hewa puani. Tofauti hii ni hazina kwa mwandishi wa maelekezo. 'Usinuse' ni katazo la tendo. 'Ukisikia harufu' ni sharti la jambo linalomjia mtu bila hiari yake. Maelekezo yanayosema 'usisikie harufu yake' hayatekelezeki. Kinyume chake, 'usivute' ina utata mkubwa: vuta ni kwa sigara, ni kwa hewa, na ni kwa kamba. Fundi aliyeona 'usivute' kwenye pipa na akaizima sigara yake ametii nusu ya maana.

5.0 Matumizi, na mpaka wa dawa na sumu

Viwandani tiofenoli ni kitu cha katikati: hutengenezwa ili kitengenezwe kingine. Hutumika katika kuunda baadhi ya dawa za binadamu. Hutumika pia katika kuunda viuavisumbufu. Mfano ni edifenfosi, kiuakuvu kilichotumika dhidi ya ugonjwa wa blasti ya mpunga, ambacho molekuli yake imebeba mabaki mawili ya tiofenoli. Katika maabara za utafiti huvua makundi ya kinga kutoka kwenye molekuli zinazojengwa hatua kwa hatua, na huunganishwa na sukari kabla sukari hizo hazijaungwa kuwa minyororo.

Orodha hii fupi inaibua neno lenye historia nzito zaidi katika Kiswahili cha afya na kilimo: dawa. Kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya na dawa ya mpunga. Mkulima 'hupiga dawa' shambani na mgonjwa 'hupigwa sindano ya dawa'. Kiini cha maana si uponyaji bali ni ufaaji: dawa ni kitu kinachotatua tatizo. Panya ni tatizo. Kinachomwondoa ni dawa. Mantiki hiyo haina kasoro, na hatuoni sababu ya kuwacheka wasemaji wake. Hasara yake ni kwamba inamtaja anayefaidika na kumficha anayedhurika.

Uvuvi unaonyesha jinsi mpaka huo unavyovukwa. Utupa ni mmea uliotumiwa tangu zamani sehemu nyingi za Afrika Mashariki kulevyea samaki. Viuadudu vya madukani vilipoenea, wapo waliovigeuza kuwa utupa mpya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya hofu ya uvuvi wa sumu. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inaukataza uvuvi huo. Kwa watu wa Nyamisati, Salale au Mbwera jambo hili si la mbali, kwani sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa katika pwani ya Tanzania hutoka katika delta. Kitu kilichoitwa dawa shambani, kikimwagwa katika mkondo, hakibadili molekuli yake. Kinachostahili kubadilika ni jina.

Haki inatudai tuseme pia kwamba zipo tioli ambazo ni dawa kwa maana kamili. Dimerkaproli iliundwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kama kinga dhidi ya gesi ya vita yenye aseniki, kisha ikatumika kutibu watu waliosumishwa na aseniki na zebaki. Inaponya kwa tabia ileile aliyoitaja Zeise: salfa zake huikamata metali na kuitoa mwilini.

6.0 Kuishika bila madhara

Tiofenoli huua kwa njia tatu: kwa kumezwa, kwa kuvutwa pamoja na hewa na kwa kupenya ngozi. Kipimo kilichoua nusu ya panya wa maabara walioinyweshwa ni takriban miligramu 46 kwa kila kilo ya uzito. Huunguza ngozi na kujeruhi macho vibaya. Mvuke wake unaweza kushika moto kiowevu kikifikia nyuzi 50 hivi.

Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na feni ijaribiwe kabla ya chupa kufunguliwa. Miwani ya kuziba macho pande zote ni lazima. Glavu nyembamba za nitrili ni kinga ya rasharasha tu. Zivaliwe mbili, na ya nje ivuliwe mara inapodondokewa. Chupa ikae mahali pa baridi, imefungwa vema, ikiwezekana chini ya naitrojeni, mbali na vioksidishaji.

Mambo mengi huharibika baada ya jaribio, wakati wa kuosha vyombo. Dawa ya kufanyia weupe nguo, ambayo watu huiita jiki, ni haipokloriti ya sodiamu, nayo huioksidisha tiofenoli hadi kuwa asidi ya salfoni isiyonuka. Vyombo na glavu vilowekwe katika jiki iliyozimuliwa, humohumo kabatini, kabla ya kutolewa. Tiofenoli ndiyo imiminwe polepole katika jiki nyingi iliyopozwa kwa barafu. Kuigeuza amri hiyo ni kualika joto la ghafla. Jiki isikutanishwe na asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini. Mabaki yasimwagwe katika sinki wala mtaroni. Yahifadhiwe katika chombo chenye jina kwa ajili ya uteketezaji maalumu, kwa kufuata sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Aliyemwagikiwa avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Aliyevuta mvuke atolewe nje. Aliyemeza asitapishwe. Wote wapelekwe hospitali, na jina la kemikali liandikwe kwenye karatasi waende nalo.

Kuna jambo linalowahusu majirani wa maabara. Tone moja likitoroka, watu walio mbali watadhani gesi ya kupikia inavuja, nao watakuwa na sababu nzuri. Gesi ya mitungi kwa asili karibu haina harufu. Baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, ulioua watu wapatao 300 kwa gesi ambayo hakuna aliyeihisi, utiaji wa harufu katika gesi ulifanywa sharti la kisheria na kuenea. Kinachotiwa katika gesi ya mitungi ni tioli, aghalabu etanitioli. Tioli ya aromatiki ni sumu ya maabara. Binamu yake huyu ni mlinzi wa jiko.

Kwa mkazi wa delta mlinzi huyo ana udhaifu. Maelekezo yanayosema gesi ikivuja 'hunuka kama yai viza' yanamwelekeza kwenye harufu aliyoishi nayo tangu utotoni, ambayo huja na maji kupwa na kuondoka na maji kujaa. Kwake si dalili ya hatari, ni saa. Maelekezo ya huko yataje mahali: harufu hiyo ikisikika ndani ya nyumba, hasa karibu na sakafu kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, milango ifunguliwe, taa isiguswe, na kibiriti kisiwashwe.

7.0 Lugha ya lebo

Lebo nyingi za Kiswahili tulizozisoma huanza kwa 'Tumia kwa uangalifu', sentensi isiyomwambia mtu afanye nini. Aidha, huchanganya njeo. 'Inawaka' ni habari ya moto unaoonekana sasa. Tabia ya kitu huelezwa kwa hu-, au kwa 'hushika moto upesi'. Tunapendekeza maneno yafuatayo kwa chupa ya tiofenoli:

SUMU. TIOFENOLI (merkaptani ya fenili). Huua ikimezwa, ikigusa ngozi au mvuke wake ukiingia puani. Hushika moto. Usiinuse. Ifungue ndani ya kabati la kufyonza mvuke tu, ukiwa na miwani na glavu mbili. Ukisikia harufu yake nje ya kabati, toka, waambie wengine watoke, kisha mwite msimamizi.

Neno hatari halimo, na limeachwa kwa makusudi. Limeandikwa juu ya milingoti ya umeme, malori ya mafuta na mageti ya nyumba zenye mbwa, hata limekuwa pambo. Kitenzi huua, kwa upande wake, kina kiima, nacho ni kile kilichomo ndani ya chupa.